Baba Aliacha Sigara, Mashine Ikasema Ameongeza

Baba yangu aliacha sigara asubuhi, mbele ya macho yangu.

Wiki chache baadaye mashine ya kituo cha afya ikasema anavuta kuliko zamani.

Sijasema ilionyesha bado anavuta. Nimesema kuliko zamani.

Na mashine yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Hapo ndipo kichwa kinapouma.

Kaa vizuri nikusimulie. Ila kama una mzazi anayevuta, usikimbilie kwenye maoni kabla hujafika chini.

Baba ni dobi. Kufua kuna watu wake, yeye ni mtu wa pasi. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi mbili za mkaa. Moja ikiwa kazini, nyingine inakaa juu ya jiko kwenye kona inapata moto. Zinapokezana hivyo kutwa nzima.

Pasi ya umeme anaidharau.

"Ile haipigi pasi," huwa anasema. "Ile inapapasa nguo."

Mteja wake mkubwa ni gesti ya ng'ambo ya barabara. Mashuka meupe, foronya nyeupe, taulo nyeupe. Na barabara yetu ni ya vumbi, malori ya kokoto yanapita hapo kama yanafukuzwa. Kwa hiyo Baba anafunga mlango, anafunga dirisha, na ule upenyo wa juu ameuziba kwa nailoni. Shuka jeupe likishaguswa na vumbi, kazi inaanza upya kwenye beseni.

Zamani alikuwa akimaliza mashuka kadhaa anatoka nje. Pale nje kuna benchi. Kwenye benchi kuna fundi viatu, kinyozi na mlinzi wa gesti, wote wavutaji. Mama aliwapa jina: Kamati ya Moshi.

"Mwenyekiti yuko wapi?" alikuwa akiwauliza akipita kutoka kazini.

"Yuko ndani mwalimu, anachapa kazi," wanajibu, huku mwenyekiti kajificha nyuma ya mlinzi, moshi unampanda kichwani kama jiko lenye kuni mbichi.

Sasa Mama.

Mama alikuwa mwalimu wa chekechea ya serikali. Aliongea na dunia nzima kama ina miaka mitano. Ukimkatiza alikuambia nyoosha mkono. Siku moja alimwambia mwenye nyumba afute kamasi kwanza ndipo wazungumze habari ya kodi. Na mwenye nyumba alifuta.

Mama alikuwa na moyo mkubwa. Sisemi ule wa kusifiwa, ingawa na huo alikuwa nao. Nasema ule ambao daktari anakuonyesha kwenye picha anatingisha kichwa. Alikuwa anakunywa dawa kila siku, na daktari alimwambia wazi kwamba moshi wa sigara na yeye wasikae nyumba moja.

Baba aliahidi kuacha.

Tatizo, Baba alishaahidi sana. Aliahidi kwenye harusi ya dada yangu, akiwa na kipaza sauti. Aliahidi hospitalini, kashika mkono wa mgonjwa. Mara ya mwisho Mama alikuta sigara ndani ya mkebe wa wanga wa kukazia kola. Hakugomba. Wakati wa chakula alimwekea Baba ule mkebe mbele yake, na kijiko.

"Karibu chakula," akamwambia.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Baba hakucheka. Mama pia hakucheka.

Ndiyo maana siku Mama aliporudi na habari ya bima, alikuwa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kadi ya bima ya afya ya serikali ilikuwa yake. Yeye ndiye mwanachama kupitia kazi, Baba alikuwa mtegemezi wake. Kwenye kikao cha walimu waliambiwa kwamba sasa hivi bima inalipia na watu wanaotaka kuacha tumbaku. Plasta za kubandika, bigijii za dawa za kutafuna, mshauri, vyote. Unaonyesha kadi tu.

"Zamani ulisema dawa zake ni ghali," alimwambia Baba. "Haya, serikali imekuondolea kisingizio. Umebaki na kipi?"

Baba akajikuna. "Nimebaki na aibu tu."

"Hiyo njoo nayo, watakupokea nayo."

Tulienda watatu. Mimi ni msusi, nasuka majumbani, ratiba yangu ni ya kwangu mwenyewe. Nilienda kwa umbea tu, nakiri.

Mshauri alikuwa dada mmoja mwembamba, mpole, anaongea kama anamlaza mtoto. Kwenye simulizi hii tumwite Dada wa Pumzi.

"Kazi yako mzee?"

"Dobi."

"Ahaa, maji na sabuni."

"Maji na sabuni," Baba akakubali. Hakutaka maneno mengi, alitaka kumaliza arudi kwenye mashuka.

Dada wa Pumzi akatoa kimashine, ukubwa wa redio ya mfukoni, kina mrija wa karatasi.

"Vuta pumzi, ibane, nikikuambia puliza, puliza taratibu mpaka iishe."

Baba akapuliza. Taa ikawaka nyekundu, na namba ikakaa kwenye kioo.

"Leo wewe kuwa mwekundu ni haki yako," dada akasema. "Ukiacha, siku chache tu hiyo namba inashuka, taa inakuwa ya kijani. Ila niwaambie sharti la bima. Kila ukija kuchukua plasta unapuliza. Ukitoka nyekundu mara mbili mfululizo, bima inasimamisha huduma, mpaka mwaka mwingine. Wanasema fedha za umma haziwezi kumlipia mtu ambaye bado anavuta."

"Ni haki kabisa," Mama akasema. "Yaani hatimaye nimepata mwenzangu wa kumsimamia huyu."

"Ni mashine tu mwalimu, siyo mtu."

"Ndiyo maana nimeipenda. Haitaniwi, haimwonei mtu huruma."

Kabla hatujatoka, dada akampa Baba ushauri. Kichwa kitauma, ni kawaida, mwili unadai sigara. Na akae mbali na sehemu alizozoea kuvutia, na watu aliozoea kuvuta nao.

Baba akaitikia kila neno. Sijawahi kumwona mtu mzima akisikiliza vile.

Kesho yake asubuhi alitoka na pakiti yake, akaivunjavunja mbele ya Kamati ya Moshi, akaitupa kwenye mtaro.

Fundi viatu nusura alie. "Si ungetugawia mwenyekiti?"

"Nimejiuzulu," Baba akasema. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Na hakutoka.

Nisikilize vizuri hapa. Zamani alikuwa anatoka kila baada ya muda, anakaa benchini, anavuta, anarudi. Sasa ameambiwa akae mbali na wavutaji, na wavutaji wako mlangoni kwake. Atakwenda wapi? Alijifungia. Kutwa yuko humo ndani na mashuka, na pasi, na jiko kwenye kona. Hata chakula alianza kulia humo.

Alipata tabu jamani. Alitafuna vijiti. Alikuwa mkali kama pilipili, mteja akichelewa kuchukua nguo anasemwa mpaka ukoo wake. Kichwa kilimuuma kila jioni, anakibana kwa kitambaa.

"Ni sigara inadai," Mama alikuwa akimwambia, anamkanda. "Iache idai. Hatuna deni nayo."

Na kila asubuhi Mama alimbandikia plasta mpya begani, akachukua kalamu, akachora nyota juu yake. Kama anavyowachorea watoto wake wa chekechea wakimaliza uji.

"Mwalimu, mimi mtu mzima," Baba analalamika.

"Tulia, unaharibu nyota."

Walikuwa wanacheka wale watu. Nilikuwa nawasikia chumbani kwao nikiwa kwangu, naandika meseji, natabasamu peke yangu kama mwehu. Nilikuwa sijawasikia wakicheka vile tangu nikiwa mdogo.

Siku ya kurudi kituoni ikafika. Baba alivaa shati lake la harusini.

Akapuliza.

Nyekundu.

Dada wa Pumzi akaangalia kioo, akatoa mrija, akaweka mwingine. "Rudia mzee, labda hukubana vizuri."

Akarudia. Nyekundu ileile. Na namba ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya kwanza.

Mle chumbani unasikia mpaka wagonjwa wanavyokohoa nje.

"Umevuta leo?" dada akauliza, taratibu.

"Sijavuta."

"Jana?"

"Sijavuta. Tangu ile siku sijavuta."

Dada akamwangalia Mama. Mama alikuwa anaangalia bega la Baba, pale nyota ilipo chini ya shati.

"Sitakugombeza mzee," dada akasema. "Wengi huwa wanateleza. Ila ukiteleza niambie, nikusaidie. Ukinificha sina cha kufanya."

"Dada, ningekuambia."

"Mashine inasoma moshi uliomo kwenye pumzi yako. Kama haupo, haiusomi."

Njiani Mama alitangulia mbele. Baba alizungumza njia nzima. Aliapa. Alitaja wazazi wake waliolala makaburini. Alitaka tumnuse.

Sasa umnuse vipi mtu ambaye tangu nimezaliwa ananuka moshi? Nguo zake, nywele zake, kucha zake, vyote mkaa mtupu. Mama alishawahi kusema kuolewa na dobi wa pasi ya mkaa ni kama kulala jikoni. Pua haikuweza kutoa hukumu pale.

Zikapita wiki nyingine. Mama aliendelea kubandika plasta. Ila nyota hakuchora tena.

Baba akafanya alichojua. Akazidisha kujitenga. Akaacha hata kuitikia salamu za Kamati, asije akaonekana karibu nao. Mlango ukafungwa asubuhi mpaka jioni.

Mara ya pili, nyekundu. Namba juu zaidi.

Dada wa Pumzi aliinama. Nadhani naye ilimuuma. "Inanibidi nisimamishe mzee. Mfumo wenyewe unafunga. Mwakani njoo tena, usikate tamaa."

Baba alisimama, akakaa tena. "Nipeni hata mlinzi wa kukaa na mimi," alisema. "Anifuate hadi chooni. Mtaona."

"Bima hailipii hiyo, mzee wangu."

Mama akanyanyuka. Akamshukuru dada kwa adabu zote, akachukua kadi yake mezani, akaifuta kwa upindo wa nguo kama ina uchafu, akaitia kwenye pochi.

Nyumbani alifunga begi.

"Unaenda wapi Mwalimu?" Baba aliuliza. Maisha yake yote alimwita Mwalimu.

"Kwa dada yangu."

"Kwa sababu ya sigara ambayo sijavuta?"

Mama akakaa kitandani. Sauti yake haikuwa ya chekechea siku hiyo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sina hasira na sigara, baba watoto. Sigara ni ugonjwa, hata bima imekubali. Nina hasira kwa sababu nilikuchorea nyota na wewe unanitazama tu."



Kamati ya Moshi wakaja wote watatu kumtetea. Kinyozi alikuja hata na mkasi mkononi. Mlinzi akaapa: "Mwalimu, huyu mtu tangu ajiuzulu hatujamwona benchini. Sisi wenyewe tumemsusa kwa kuringa."

Mama akawasikiliza hadi mwisho.

"Wavutaji mnamtetea mvutaji," akasema. "Haya, bakini naye."

Akaenda kwa Mama Mkubwa, dada yake wa tumbo moja, mitaa kadhaa kutoka kwetu.

Mimi nilikuwa napita huku na huku, mbeba salamu. Na unajua kitu gani kilikuwa kinanichanganya? Baba hakurudia sigara. Plasta hana, bigijii hana, mke hana, na bado anatafuna vijiti na kufunga kichwa kitambaa. Mtu ambaye ameshahukumiwa kifungo kwa wizi, si angekula basi hicho alichoiba? Nilimwuliza.

"Nikivuta sasa hivi," akaniambia, "nitakuwa nimeifanya mashine iwe kweli."

Siku moja nilienda kumsuka Mama. Tuko uani kwa Mama Mkubwa, kichwa chake kipo mapajani kwangu, simu ikaita. Baba. Mikono yangu ina mafuta, nikaiweka sauti ya nje.

"Mwalimu yupo?"

"Nipo," Mama akasema.

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza. Umekula?"

"Nimekula."

Nikaendelea kusuka, polepole, nisipige kelele na chanuo.

"Mwalimu," Baba akasema, "mimi nimeacha."

Mama akafumba macho.

"Haya," akasema.

Haya ile unayomwambia mtoto mwenye chaki mdomoni anayekuambia hajala chaki.

Lilikuwa neno lake la mwisho kwa Baba.

Mama alifariki mchana, siku chache baada ya pale. Alikuwa anaanika nguo. Mama Mkubwa anasema alikaa chini kama mtu aliyechoka, akashika kifua, na kamba ikiwa bado ina nguo nusu. Gari lilipokuja hakukuwa na wa kukimbizwa.

Baba alipopata habari alikuwa ameshika pasi. Aliiweka chini. Hakuiweka kwenye kisahani chake, aliiweka juu ya shuka la gesti, akabaki anaitazama. Fundi viatu ndiye aliyenusa kitambaa kinaungua akavunja mlango.

Msibani Mama Mkubwa hakumpa Baba mkono.

"Dada yangu alikuwa na moyo mbovu," aliwaambia watu, Baba akisikia. "Ila moyo mbovu haufi wenyewe. Unadanganywa kwanza."

Baba alikaa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa. Hakubisha. Nilitamani abishe. Nilitamani agombane, apige meza, aseme chochote. Alikunja tu ncha ya mkeka na kuikunjua, kutwa.

Baada ya mazishi hakuwa mtu wa kushika kazi. Na gesti hawana habari ya msiba wa mtu, wageni wanataka kulala kwenye shuka. Mashuka yalirundikana mpaka dirishani. Nikasema basi, acha nimsaidie.

Nikawasha jiko. Nikafunga mlango, nikafunga dirisha, nailoni iko palepale. Kama alivyonifundisha tangu mdogo: shuka jeupe na vumbi haviivani.

Nilipiga pasi kutwa. Jioni kichwa kikaanza kuuma, siyo cha kawaida, kinagonga kama mtu yuko ndani anaomba kutoka. Miguu ikawa kama ya kukopa. Kesho yake tena, hivyohivyo. Siku ya tatu nikatapika, nikajikokota mpaka kituo cha afya nikatafute dawa.

Kwenye korido nikakutana na Dada wa Pumzi. Akanikumbuka.

"Pole kwa Mama. Nimesikia. Na mzee anaendeleaje?"

Sijui nini kilinipanda.

"Mzee havuti," nikamwambia. "Hajavuta tangu siku aliyowaahidi, na hicho kimashine chenu kibovu kimemvunjia ndoa. Mama amekufa akijua ni mwongo."

Watu waligeuka. Dada hakukasirika. Alinishika mkono akaniingiza chumbani kwake.

"Ni kipya," akasema. "Kinapimwa kila mwezi. Ona." Akaweka mrija, akapuliza yeye. Kijani. "Na wewe puliza, uone mwenyewe."

Mimi sijawahi kuvuta. Sigara, shisha, hata zile za kuigiza kwa picha, sijagusa. Nikapuliza kwa hasira nimkomeshe.

Nyekundu.

Dada akaangalia namba. Akaniangalia mimi. Akavuta kiti akakaa.

"Unavuta?"

"Sivuti."

"Niambie kweli tu, hapa tuko wawili."

Na hapo ndipo nilipoelewa jinsi Baba alivyojisikia. Una ukweli mdomoni na hakuna pa kuuweka.

"Dada," nikasema, na machozi yananitoka, "sivuti."

Akaitazama tena ile namba. Halafu akauliza swali ambalo nalifikiria mpaka leo.

"Leo umetokea wapi?"

"Kazini kwa Baba. Napiga pasi."

"Pasi ya umeme?"

"Ya mkaa."

"Mko nje?"

"Ndani. Tunafunga, kwa sababu ya vumbi."

Rangi ilimtoka. Akashika ile mashine kama imegeuka nyoka.

"Hiki kimashine hakijui sigara," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Kinajua hewa ya sumu inayotoka kwenye kitu kinachoungua. Sigara inayo. Na mkaa unayo. Zaidi."

Mkaa.

"Nilimwuliza kazi," akasema. "Akaniambia dobi. Nikafikiria maji."

Alivua koti lake akatoka na mimi, na mashine mkononi. Alipofika dukani kwa Baba alikuwa karibu akimbie. Hakusalimia. Alifungua mlango hadi mwisho, akafungua dirisha, akang'oa ile nailoni kwa kucha. Vumbi la barabarani likaingia na kutua juu ya mashuka meupe.

Baba, niliyemwacha alinde mashuka, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alitazama tu.

Dada akapiga magoti mbele yake, akamweleza. Kwamba ile namba ilikuwa ya mkaa. Kwamba ilipanda baada ya kuacha sigara kwa sababu zamani alikuwa anatoka nje na kupata hewa, na alipoacha akajifungia. Kwamba kile kichwa hakikuwa sigara inayodai, ilikuwa sumu. Kwamba hata ule ushauri wa kuwakwepa wavutaji ulizidi kumzibia ndani.

"Ulikuwa umeacha kweli mzee wangu. Ulikuwa umeacha tangu siku ya kwanza."

Nilingoja Baba afurahi. Nilingoja hata akasirike.

"Nilijua," akasema.

Kisha akaongeza: "Sasa unaniambia mimi ya nini? Mimi nilijua."

Dada akalia pale chini, kwenye majivu.

Akasema atairudisha huduma yake siku hiyohiyo, atawaandikia bima wafute ile hukumu. Alitoa simu akaingiza namba ya kadi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, niliona kioo.

Mwanachama amefariki. Wategemezi wameondolewa.

Akaizima haraka. Lakini Baba alishauona uso wake.

"Usihangaike binti," akamwambia. "Mimi plasta sihitaji. Kama unataka kunisaidia, kuna mtu mmoja ukamwambie."

Tulienda watatu kwa Mama Mkubwa. Alitupokea mlangoni, hakutukaribisha ndani. Dada wa Pumzi akasema yote akiwa amesimama, mashine mkononi, na hakujitetea hata sehemu moja.

"Kosa ni letu," alimalizia. "Nilimwuliza kazi, sikumwuliza anaifanyia wapi."

Mama Mkubwa alishika fremu ya mlango. Nilidhani atatutukana. Badala yake alimtazama Baba kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kuna kitu nilikunyima, shemeji," akasema.

"Nini?"

"Alikuwa anarudi kwako. Ile siku. Begi alishalifunga, zile nguo alizokuwa anaanika alitaka zikauke aondoke nazo. Sikukuambia makusudi. Niliona hustahili."

Baba hakusogea.

"Nilimwuliza, unarudije kwa mtu anayekudanganya mchana kweupe?" Mama Mkubwa akaachia fremu ya mlango. "Akaniambia, dada, nimechoka kulala mbali. Acha nirudi kwa mwongo wangu."

Mtaa ulikuwa na kelele zake, watoto, pikipiki, redio ya mtu.

Baba alitabasamu. Wallahi alitabasamu, yule mzee.

"Kwa hiyo alinisamehe," akasema.

"Alikusamehe."

"Kosa ambalo sikulifanya."

Akakaa chini palepale kizingitini na kulia kwa sauti, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Mama Mkubwa naye akashuka, akakaa kando yake, akamshika bega. Lile la plasta.

Ndugu zangu, sina maneno mengi ya kufunga.

Kama bima yako inalipia kuacha sigara, nenda. Usimwogope mshauri kwa sababu ya simulizi hii, wengi wanaacha na wanaishi. Ila ukifika pale usiseme kazi yako kwa neno moja. Sema unaifanyia wapi, unawasha nini, madirisha yakoje. Na kama unapika au unapiga pasi kwa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, fungua sasa hivi, hata kama vumbi litaingia.

Na wewe unayemsubiri mtu wako abadilike: alishakudanganya zamani, najua, nimeona mkebe wa wanga kwa macho yangu. Lakini siku akisema ukweli, sauti yake itakuwa ileile aliyodanganyia. Hana nyingine. Kabla hujafunga begi, muulize swali moja zaidi ya lile ambalo tayari una jibu lake.

Baba hajavuta mpaka leo.

Hakuna tena anayempima.